Baniani ni Jirani Yetu



Hapa Old Kampala watoto wetu wakitoka madrasa humwita kila Mhindi mwenye duka "Baniani", hata akiwa Khoja au Sunni anayeswali nasi. Tusiwalaumu. Sisi ndio tuliowafundisha, pamoja na ile methali ya "Baniani mbaya, kiatu chake dawa".

Mabaniani wengi husema Mungu ni mmoja ila hudhihirika kwa sura nyingi, na kwamba roho hurudi duniani kwa kadiri ya matendo yake. Kwetu sisi kuabudu masanamu ni shirki, wala hatulifichi. Lakini Surat Al-An'aam, aya ya 108, imetukataza kuwatukana wale wanaoabudiwa na wengine. Wangapi tumewasomesha watoto aya hiyo?

Wana mitihani yao pia. Katiba ya India ya mwaka 1950 ilipiga marufuku kumfanya mtu najisi kwa ukoo wake, ila tabaka bado huulizwa kwenye ndoa. (Na sisi je? Posa ngapi tumezikataa kwa sababu ya kabila?)

Mwaka 1972 Idi Amin, Muislamu mwenzetu, aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Baniani na Muislamu wakafungasha pamoja. Aprili 2007, watu walipokasirikia mpango wa kukata sehemu ya msitu wa Mabira ili kampuni ya sukari ipande miwa, Mhindi mmoja aliuawa humu mjini na hekalu la Mabaniani likashambuliwa. Waliokuwemo hekaluni walikuwa wameukata mti gani?