Kipimo Huvuruga Kinachopimwa

Wapo walimu wanaodhani kuwa sayansi ya anga haimhusu mwanafunzi wa Igalula. Mimi sikubaliani nao, na hoja yangu naijenga juu ya kipimo kimoja tu.

Chombo cha Marekani kiitwacho Deep Space 1, kilichorushwa tarehe 24 Oktoba 1998, kilisukumwa na injini ya umeme. Injini hiyo huzipokonya atomi za gesi ya zenoni elektroni zake, huzitupa nyuma ayoni zinazobaki kwa kasi ya kilomita 30 hivi kwa sekunde, kisha humwaga elektroni katika moshi huo ili chombo kisibaki na chaji. Msukumo wake haukuzidi uzito wa gramu 10. Lakini hadi safari ilipokoma mwaka 2001 ilikuwa imefanya kazi kwa saa zaidi ya 16,000. Mjukuu wa wapagazi wa Kinyamwezi, waliochukua mizigo kwa miguu toka Tabora hadi Bagamoyo, hana haja ya kuelezwa nguvu ya hatua ndogo isiyokoma.

Moshi huo wa ayoni na elektroni huitwa plazma. Hauna budi kupimwa, maana baadhi ya ayoni hurudi na kukigonga chombo chenyewe. Njia ya kuupima ilibuniwa na Irving Langmuir katika miaka ya 1920: waya mdogo huingizwa ndani ya plazma, volteji yake hubadilishwa kidogo kidogo, na mkondo wa umeme husomwa kila mara. Grafu ipatikanayo hudhihirisha wingi na joto la elektroni.

Hata hivyo, waya huo huivuruga plazma inayouzunguka. Aidha, katika tangi la maabara lililotolewa hewa, gesi kidogo iliyosalia huubadili moshi. Kwa hiyo Deep Space 1 ilichukua vipimo vyake angani.

Sisi, kinyume chake, humzoeza mwanafunzi kufuta jibu lake lisipolingana na la kitabu. Yafaa aulizwe: kipimo chako kimebadili nini? Betri nne za tochi zinazoongezwa moja moja, balbu, ammita na voltimita zatosha. Achore grafu ya mkondo na volteji. Ataona mstari umepinda, kwa kuwa umeme ule ule anaoupima umeutia joto waya wa balbu.

Atakayeeleza sababu ya kupinda huko ataweza kufundishwa kuisoma grafu ya Langmuir. Aliyekariri tu sheria ya Ohm hataiweza, hata akipewa maabara ya Ulaya.