Bustani ya Nyumbani: Mwaridi Ulionyauka Uani

Mwezi uliopita tuliahidi kunena habari za mchicha. Lakini mchicha na ungoje kidogo, maana limetufikia jambo lenye haraka zaidi. Mama mmoja, jirani yetu hapa Kariakoo, alirudi kutoka Lushoto na mwaridi uliofungwa ndani ya gunia. Aliung'oa mbele ya nyumba ya marehemu mama yake, na nyumba ile imekwisha kuuzwa. Aliupanda uani jioni ile ile. Siku ya tatu majani yote yalikuwa yamelegea, naye akaja kwetu hali amefadhaika. Huu usipopona, mwingine hakuna.

Tukamwuliza ameutunzaje. Akajibu, "Nimeunywesha, jamani, asubuhi, adhuhuri na jioni, na mbolea ya kuku nimeutilia." Hapo tuliona haya kidogo, kwa kuwa sisi nasi zamani tuliuua mwaridi wetu kwa huruma namna hiyo hiyo.

Yafaa kujua sababu. Mizizi inywayo maji ni ile myembamba kama nywele, nayo mti ung'olewapo hukatika ikabaki udongoni. Majani yangali yote juu, yakitoa maji hewani mchana kutwa. Basi matumizi yamepita mapato. Tena Lushoto ni mlimani, zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, na usiku wake ni wa baridi; huku kwetu ni pwani, na kuta za maghorofa hurudisha joto hata baada ya jua kuchwa.

Kabla ya kumwaga maji, chomeka kidole udongoni hata kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, nywesha. Kikitoka na tope, acha. Majani hulegea kwa kiu, na hulegea vile vile kwa kufurika, kwa maana mizizi iliyokosa hewa huoza isiweze kunywa. Ndipo wengi hukosea. Katika ua wa jirani yetu, chini ya udongo wa juu mlikuwa na vifusi vya saruji vilivyoshindiliwa, na shimo lilikuwa limesimama maji kama kisima.

Jioni, jua lilipopoa, tuliutoa pamoja na udongo wake. Mizizi iliyokuwa myeusi na yenye harufu tuliikata, na mbolea ya kuku tukaiondoa, kwa maana ikiwa mbichi huunguza. Tukaupanda katika debe kuukuu lililotobolewa chini, udongo ukiwa umechanganywa na mchanga na samadi kidogo iliyooza kabisa.

Kazi iliyomwuma mwenyewe ni kukata. Palikuwa na matumba mawili, naye alitamani sana kuyaona yakichanua. Tulimweleza kwamba ua hunywa maji ambayo mizizi haina. Akayakata kwa mkono wake, asiseme neno. Kisha tulikwaruza gome kwa ukucha: penye rangi ya kijani pangali hai, penye kahawia kavu pamekufa. Tulipunguza matawi kama nusu, kila moja juu kidogo ya jicho linalotazama nje.

Matawi yale hatukuyatupa. Tulichagua manne mabichi, urefu wa kalamu ya risasi, tukaacha majani mawili juu ya kila moja, tukayachomeka katika mchanga wenye unyevu, kivulini, na kuyafunikiza chupa zilizokatwa vitako. Kama mama mti akifa, huenda mwana mmoja akasalia.

Debe liliwekwa mahali penye jua la asubuhi tu, na mkeka mkuukuu ukatundikwa kuzuia la mchana. Mwaridi mzima hutaka jua saa sita au zaidi kila siku, kwa hiyo kivuli hiki ni cha wiki mbili hivi, kisha huondolewa kidogo kidogo. Juu ya udongo tulitandaza makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, yasiguse shina. Yaliyolowekwa baharini kwa kazi ya kamba yasitumike, kwa sababu ya chumvi. Maji ya kisima nayo uyaonje kwanza, maana baadhi ya visima vya mjini huku vina chumvi, nayo huzuia mizizi kunywa hata udongo ukiwa umelowa. Maji ya mvua ni bora.

Wanunuao miche kando ya barabara wakumbuke kuondoa kiriba chote kabla ya kupanda; tumeona watu wazima na akili zao wakiuzika mti pamoja nacho.

Leo ni siku ya kumi na nane. Katika shina kuu limetokea chipukizi jekundu, kubwa kama punje ya mchele. Vipandikizi viwili vimekuwa vyeusi; viwili vingali vya kijani, na jirani yetu huvitazama kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni. Tumemsihi asivivute kuona kama vimetoa mizizi. Habari za mchicha zitafuata mwezi ujao.