Asiye na mjomba, ofisi ya ajira iwe mjomba wake

Sisi wanafunzi wa ualimu kuna maneno tumeyasikia mpaka yametuchosha: "Nyie mna wasiwasi gani? Si serikali itawapangia?" Ndugu zetu nyumbani wanatuambia hivyo, wenzetu wa biashara na uhandisi wanatuambia hivyo, na kibaya zaidi hata chuo kinaendesha mambo kana kwamba ni kweli. Ofisi ya ushauri wa ajira hapa chuoni ikiandaa semina, wageni wanaoalikwa ni watu wa benki, wa bima na wa kampuni za simu. Sisi wa ualimu tukijipenyeza ukumbini tunafundishwa kuandika CV ya afisa masoko.

Hoja yangu ni kwamba hakuna anayeihitaji ofisi ile kuliko mwanafunzi wa ualimu, hasa yule ambaye kwao hakuna mtu wa kumshika mkono. Na ofisi inapaswa kuanza naye mwaka wa kwanza, siyo wiki tatu kabla ya UE ya mwisho.

Hiyo imani ya "mtapangiwa" haikutoka hewani. Kwa miaka mingi wizara ilikuwa inatoa orodha ya majina na vituo. Mhitimu anatafuta jina lake, anaona halmashauri aliyopangiwa, anafunga begi. Katikati ya miaka ya 2000, shule za kata zilipoota kila kona, walimu walikuwa adimu kiasi kwamba vijana waliotoka kidato cha sita walipewa mafunzo ya muda mfupi na kupelekwa darasani. Mtaani wakabatizwa jina la "voda fasta". Kwa kizazi kile, ofisi ya ajira chuoni ingekuwa ya kazi gani?

Baadaye mlango ukaanza kuwa mwembamba. Vyuo viliongezeka na wahitimu wakaongezeka. Mwaka 2016 ajira mpya serikalini zikasimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa na vyeti, foleni ikazidi kurefuka. Leo mwalimu anaomba kazi kupitia Ajira Portal kama anavyoomba mhasibu. Anaitwa kwenye usaili, anafanya mtihani wa mchujo, akipita anakaa mbele ya jopo. Anayefaulu akakosa nafasi anaingizwa kwenye kanzidata na kusubiri. Shule bado zinalia upungufu, hasa wa walimu wa hisabati na sayansi, lakini upungufu wa walimu na kibali cha kuajiri ni vitu viwili tofauti. Mtu wa Historia na Kiswahili kama mimi analijua hilo vizuri.

Sasa niulize: nani anatufundisha njia hiyo mpya? Darasani tunafundishwa saikolojia ya elimu, mitaala na upimaji. Hayo ni mambo mazuri na sina ugomvi nayo. Lakini namna ya kuipata hiyo kazi tunaachiwa tuokoteze wenyewe kwenye magrupu ya WhatsApp, ambako tangazo la kweli na la tapeli yanafanana mpaka mhuri.

Hapo ndipo tofauti ya makwetu inapojitokeza. Mwenzangu ambaye mjomba wake ni mkuu wa shule anajua mambo ambayo mimi siyajui, na simlaumu. Anajua kwamba shule nyingi binafsi hutafuta walimu kati ya Novemba na Januari, kabla mwaka wa masomo haujaanza. Anajua kwamba atapewa chaki afundishe kipindi kimoja mbele ya mkuu wa taaluma, na kwamba hapo hakuna atakayeuliza GPA. Mjomba wake anaweza asimpe kazi hata siku moja, lakini amempa taarifa, na hiyo tu inamweka mbele yetu hatua kumi. Mtoto wa mkulima ana GPA ileile na hana mtu wa kumuuliza. Ofisi ya ajira ingekuwa mjomba wa huyu.

Chukua suala la nyaraka. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huandikwa wazi kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliki, matokeo ya muda hayakubaliki, vinatakiwa vyeti vyenyewe. Barua ya maombi iwe imesainiwa. Cheti cha kuzaliwa kiambatanishwe. Ukisoma haraka unaona ni mambo madogo. Dada mmoja aliyemaliza kabla yetu alikuja kugundua, tangazo likiwa limeshatoka, kwamba jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa lina herufi moja tofauti na lililo kwenye cheti cha kidato cha nne. Akaanza kukimbizana na wakili, kiapo na nauli za kwenda mjini na kurudi. Dirisha likafungwa bado anakimbizana. Kosa lile alikuwa nalo tangu siku anaripoti chuoni, na kwa miaka mitatu hakuna aliyemwambia ayaweke makaratasi yake mezani yakaguliwe. Kazi hiyo haihitaji bajeti. Inahitaji afisa mmoja, meza moja na wiki moja ya mwaka wa kwanza.

Halafu kuna BTP. Kila mwaka chuo kinatusambaza kwenye shule kibao, tunafundisha kwa wiki kadhaa, mhadhiri anakuja kutukagua, tunapata alama, basi. Mkuu wa shule aliyetuona tukifundisha kila siku haulizwi chochote zaidi ya kugonga mhuri. Ofisi ya ajira ingeweza kumwomba kila mkuu wa shule barua fupi kuhusu kila mwanafunzi, ikatunzwa, mhitimu akaichukua anapoomba kazi. Ingeweza pia kuwa na daftari la shule zote tunazopita: ipi ina upungufu wa somo gani, ipi inachukua walimu wa tempo, ipi inalipa kwa wakati na ipi inawazungusha. Taarifa hizo zipo, ila ziko vichwani mwetu na zinaondoka nasi tukimaliza.

Njia nyingine pia zinapaswa kusemwa kwa sauti. BAKITA huandaa mafunzo ya kufundisha Kiswahili kwa wageni, lakini wapo wanafunzi wa Kiswahili wanaohitimu bila kulisikia hilo hata mara moja. Kuna huduma ya serikali ya kuwaunganisha watafuta kazi na waajiri, na kujiandikisha huko siyo lazima mpaka umalize kusota kwanza. Ofisi ya ajira ndiyo ingetakiwa kututajia haya. Mimi nimeyajua kwa kuokoteza.

Najua jibu litakalokuja: ajira hazipo, ofisi itazitoa wapi? Ni kweli, afisa ajira hawezi kuzalisha nafasi hata moja ya ualimu Kigoma wala Newala. Nafasi zikiwa chache, waombaji wengi wataachwa hata kama wote wamejiandaa. Lakini uchache wa nafasi ndio unaofanya taarifa kuwa mali. Kazi zingekuwa za kumwaga, hata aliyechelewa angepata. Zikiwa chache, aliyekosea jina, aliyechelewa tangazo na asiyewahi kuketi mbele ya jopo ndio wanaotoka wa kwanza, na mara nyingi hao ni walewale wasio na wajomba.

Jibu la pili ni kwamba wanafunzi wenyewe hatuendi. Hilo nalo lina ukweli. Siku ya bumu foleni inazunguka jengo, siku ya semina ya ajira viti vinahesabika. Lakini mtu akienda mara moja akakuta mfano wa CV ya afisa masoko, hawezi kurudi. Weka usaili wa majaribio, jopo la walimu wakuu wastaafu wawili watatu, kila mtu afundishe dakika 15 na aambiwe ukweli wake. Ukumbi utajaa, tena tutagombania nafasi.

Huko zilikoanzia ofisi hizi, hazikuanza kama pambo. Chuo Kikuu cha Oxford kilianzisha kamati ya kuwatafutia wahitimu wake kazi mwaka 1892. Na Uingereza ya leo, wahitimu huulizwa miezi kama 15 baada ya kumaliza: unafanya nini, wapi, na unaona masomo yako yalikusaidia? Majibu yanachapishwa, na chuo kinajulikana kwa majibu hayo. Sisemi tufanane na Uingereza. Nasema kumpigia simu mhitimu na kumuuliza yuko wapi hakuhitaji utajiri, kwa sababu namba zake chuo kinazo.

Kuhusu pesa, tukumbushane kitu. Wengi wetu tumesoma kwa mkopo, na Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Makato hayo yanahitaji kwanza mshahara uwepo. Mhitimu anayejitolea shuleni kwa posho ya nauli hawezi kulipa deni vizuri, na mdogo wake anayesubiri mkopo naye anaumia. Chuo kikiwekeza kwa afisa ajira mmoja anayeujua ualimu, faida haitaishia kwetu.

Uchaguzi wa serikali ya wanafunzi unakuja. Tutaahidiwa intaneti hosteli nzima na bumu kwa wakati kama kawaida, na bumu nalitaka kama kila mtu. Ila mgombea atakayenigongea mlango nitamwomba aende kwanza ofisi ya ajira, aulize wahitimu wa ualimu wa mwaka juzi wako wapi: wangapi wako darasani, wangapi wanapiga tempo, wangapi wako nyumbani. Akikuta hakuna anayejua, basi hilo liwe jambo la kwanza kwenye ilani yake, na kura yangu anayo.