Kivu: Upasuaji wa kifundo cha mguu huchukua muda mfupi, kupona huchukua nusu mwaka

Mjini Goma, njia zenyewe ni mtihani kwa miguu. Mawe meusi ya volkano yaliyomwagwa na Nyiragongo mwezi Januari 2002 bado yanaonekana katika mitaa mingi. Mama mwenye mzigo anakanyaga jiwe vibaya, motari anatupa mguu chini haraka ili pikipiki isianguke, kijana anageuka ghafla akifuata mpira, na kifundo cha mguu kinateguka. Wengi wanapona baada ya wiki chache. Wachache wanaishia kwenye meza ya upasuaji.

Kwa hao wachache, swali kubwa katika Kivu si tu nani atawapasua na kwa dola ngapi. Swali ni nani atakayelisha nyumba katika miezi inayofuata, wakati mgonjwa haruhusiwi kukanyaga, kisha anajifunza upya kutembea. Upasuaji wa ligamenti bila mapumziko na mazoezi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ndiyo ambayo familia nyingi haziitengei pesa, na mfumo wa afya nao unaipa nafasi ndogo sana.

Si kila mguu unahitaji kisu

Ligamenti ni kamba ngumu zinazounganisha mfupa na mfupa. Upande wa nje wa kifundo kuna tatu, na ile ya mbele ndiyo inayochanika mara nyingi zaidi, pale mguu unapojikunja kuelekea ndani. Hata ikichanika kabisa, kwa kawaida madaktari huanza bila kisu. Mguu unalindwa, unafungwa na kuinuliwa, kisha mazoezi yanaanza mapema. Upasuaji unafikiriwa hasa kifundo kinapobaki kilegevu kwa miezi, kinapoteguka tena na tena hata kwenye njia tambarare, na mazoezi yamekwisha kujaribiwa bila mafanikio.

Hapo ndipo tatizo la kwanza lilipo. Mara nyingi mazoezi hayo hayafanywi kabisa. Mgonjwa anakaa nyumbani mpaka uvimbe upungue, anakandwa na fundi wa mtaa, kisha anarudi kazini. Kukandwa kwa nguvu katika siku za kwanza kunaweza kuongeza uvimbe, na kunaweza pia kuchelewesha kugundua mfupa uliovunjika. Tangu mwaka 1992, madaktari wa Ottawa nchini Canada wamewaachia wenzao kipimo rahisi. Mtu asiyeweza kupiga hatua nne, au anayesikia maumivu mfupa wa kifundo unapobonyezwa kwa nyuma au kwenye ncha yake, apelekwe kupigwa picha ya radiografia. Kipimo hicho hakihitaji mashine, na muuguzi wa kituo cha afya cha kijijini anaweza kukitumia.

Upasuaji unapokuwa wa lazima, njia inayotumika zaidi duniani ilielezwa na daktari wa Sweden, Lennart Broström, mwaka 1966, kisha ikaimarishwa na Mmarekani Nathaniel Gould mwaka 1980. Daktari anaikaza na kuishona upya ligamenti ya mgonjwa mwenyewe, wakati mwingine akitumia vishikizo vidogo ndani ya mfupa. Hakuna chuma kikubwa kinachowekwa kubeba uzito wa mwili. Kinachoshika ni nyama iliyoshonwa, nayo inahitaji muda ili ikomae.

Miezi sita, hatua kwa hatua

Ratiba hutofautiana kidogo kati ya daktari na daktari, na mwenye neno la mwisho ni yule aliyepasua. Lakini mstari wa jumla unajulikana.

Katika wiki mbili za kwanza mguu uko ndani ya plasta au kifaa cha kuushika. Mara nyingi mgonjwa anatembea kwa magongo bila kukanyaga, na muda mwingi anauinua mguu juu zaidi ya moyo ili uvimbe upungue. Anachezesha vidole vya mguu mara kwa mara. Nyuzi za kidonda hutolewa karibu na siku ya 10 hadi ya 14.

Kuanzia wiki ya pili hadi ya sita, anaanza kukanyaga kidogo kidogo, kwa kawaida akiwa na kiatu maalumu kinachoshika mguu. Anapandisha na kushusha unyayo taratibu. Kitu kimoja anakatazwa: kuukunja mguu kuelekea ndani, kwa sababu ndiko kunakovuta ligamenti iliyoshonwa.

Baada ya wiki ya sita kazi halisi inaanza. Misuli ya upande wa nje wa mguu inaimarishwa, na mgonjwa anajifunza kusimama kwa mguu mmoja bila kuyumba. Zoezi hili linaonekana la kitoto, lakini ndilo linaloufundisha tena ubongo kusikia mguu uko wapi na kuurekebisha kabla haujateguka. Kukimbia kwa mstari ulionyooka huja karibu na mwezi wa tatu au wa nne. Mpira wa miguu, wenye kugeuka na kugongana, kwa kawaida husubiri mwezi wa nne hadi wa sita.

Katika muda wote huo kuna dalili zisizosubiri kesho: maumivu na uvimbe kwenye shavu la mguu, pumzi kukatika ghafla, vidole kugeuka rangi au kufa ganzi ndani ya plasta, homa, au usaha kwenye kidonda. Mbili za kwanza zinaweza kumaanisha kwamba damu imeganda katika mishipa, jambo linaloweza kuua.

Nyota wa mpira na motari

Mashabiki wa mpira katika Kivu wanakumbuka mfano mmoja. Tarehe 19 Februari 2023, Neymar alitolewa uwanjani kwa machela katika mechi ya PSG dhidi ya Lille. Kifundo hicho hicho cha kulia kilikuwa kimeumia mwezi Juni 2019 na tena kwenye Kombe la Dunia mwezi Novemba 2022. Safari hii alipasuliwa ligamenti mjini Doha, tarehe 10 Machi. Klabu ilitangaza kwamba angekosekana kwa miezi mitatu hadi minne. Alirudi kucheza tarehe 3 Agosti, katika mechi ya kirafiki nchini Korea ya Kusini. Ilikuwa karibu miezi mitano.

Huyo ni mtu aliyekuwa na wataalamu wa kumhudumia kila siku, chakula mezani na mshahara usiokatika. Motari wa Goma au Bukavu anaambiwa asubiri muda ule ule, lakini analipwa kwa siku. Pikipiki mara nyingi si yake, na mwenyewe anataka hesabu yake kila jioni. Mama anayeuza samaki sokoni hana mtu wa kumlipia siku ambazo meza yake iko tupu. Kwa hiyo wiki ya tatu plasta inakatwa nyumbani, wiki ya nne mtu yuko barabarani. Ligamenti iliyokazwa inalegea tena, na familia iliyouza mbuzi au kukopa ili kulipa hospitali inabaki na deni na mguu ule ule.

Ulinzi wa kisheria haumfikii. Mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, CNSS, unashughulikia ajali za kazini za wafanyakazi walioandikishwa, wakati motari na wachuuzi wengi wako nje ya daftari hilo. Mpango wa afya kwa wote uliozinduliwa na serikali mjini Kinshasa mwezi Septemba 2023 ulianzia kwa akina mama wanaojifungua na watoto wachanga. Ni uamuzi unaoeleweka, lakini haukugusa mguu wa motari.

Vita vimeusukuma mguu nyuma ya foleni

Hali ya usalama imeongeza uzito. Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari, hospitali zilijaa majeruhi wa risasi na mabomu. Mabenki yalifunga milango, na uwanja wa ndege wa Goma ukaacha kupokea ndege za kawaida. Hospitali ya CBCA Ndosho, ambako Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR, inasaidia upasuaji wa majeruhi, ilipokea watu kupita uwezo wake. Katika hali kama hiyo, mtu mwenye kifundo kilegevu anaweza kungoja. Hakuna daktari anayeweza kulaumiwa kwa kuchagua hivyo.

Lakini kungoja kuna bei, na bei hiyo inaonekana zaidi katika huduma ya baada ya upasuaji. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba watu bilioni 2.4 wana hali ya afya ambayo ingefaidika na huduma ya kurudisha uwezo wa mwili. Katika baadhi ya nchi zenye kipato cha chini na cha kati, zaidi ya nusu ya wanaoihitaji hawaipati. Mwezi Mei 2023, nchi wanachama zilipitisha azimio la kuiingiza huduma hiyo katika mifumo ya afya. Katika Kivu, vituo vinavyojulikana ni vichache na viko mijini, kama Shirika la Umoja mjini Goma na Heri Kwetu mjini Bukavu. Mgonjwa wa Masisi, Walikale au Kalehe anaweza kusafiri mara moja ili apasuliwe. Kurudi kila wiki kwa mtaalamu wa kinezitherapia, huku akiwa kwenye magongo, katika barabara yenye vizuizi, ni jambo jingine.

Kinachoweza kufanyika sasa

Sehemu kubwa ya nusu ya pili haihitaji mashine. Mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, uliokatwa na kufungwa kwenye mguu wa meza, unatosha kuimarisha misuli ya upande wa nje. Ukuta unatosha kwa zoezi la kusimama kwa mguu mmoja. Kinachokosekana ni maelekezo. Karatasi moja ya Kiswahili yenye picha, ikionyesha wiki gani zoezi gani, pamoja na ndugu mmoja aliyefundishwa kabla mgonjwa hajatoka hospitalini, vingefika hata kijiji kisicho na mtaalamu. Ujumbe wa sauti kwenye simu ungemwezesha mtaalamu kufuatilia bila mgonjwa kusafiri kila mara.

Upande wa pesa, mlango wa karibu ni vikundi vya akiba, MUSO na AVEC, ambavyo wakaaji wengi wa Kivu ni wanachama wake. Vingi vina mfuko wa msaada unaotoa pesa mara moja, wakati wa ugonjwa au msiba. Kwa upasuaji wa aina hii, msaada mdogo unaogawanywa kwa wiki sita au nane ungekuwa na faida kuliko bahasha moja siku ya kuingia hospitalini. Vyama vya motari navyo vinaweza kukubaliana na wenye pikipiki kwamba dereva mwingine aendeshe kwa muda, na mgonjwa asipoteze nafasi yake.

Hospitali nazo zina wajibu wa kusema ukweli mapema. Kabla ya kuweka sahihi, mgonjwa na familia yake waelezwe bei ya upasuaji pamoja na idadi ya wiki bila kazi, bei ya magongo, na safari za kurudi kwa daktari. Baadhi, wakishapiga hesabu hiyo, watachagua kujaribu kwanza miezi mitatu ya mazoezi, na kwa wengi wao yatatosha. Wengine watachagua kisu, wakiwa wamekwisha kupanga nani ataendesha pikipiki na nani atapika mpaka mwezi wa tatu.