Jiwe Humlipa Aliyelichonga

Juzi sonara mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, alinionyesha pete ya tanzanaiti iliyopasuka kwa kutiwa maji ya moto. Jiwe hilo la buluu ni laini: ugumu wake ni kati ya 6 na 7, hali almasi ni 10. Aghalabu hutoka ardhini likiwa la hudhurungi. Buluu huletwa na moto wa fundi. Basi mkono wa fundi ndio nusu ya thamani.

Tanzanaiti iligunduliwa Merelani, Tanzania, mwaka 1967. Ukanda wa miamba ya kale uliopo huko ndio upitao Taita, Makueni na Kitui, wanakochimba wenzetu vito vingine. Sheria ya Madini ya 2016 imewapa wenyeji asilimia 10 ya mrabaha, na kaunti 20. Ni jambo jema, lakini mrabaha hufuata bei. Jiwe likiuzwa ghafi, fungu nalo ni la ghafi.

Rai yangu, vijana wa Kitui na Makueni wafunzwe kuchonga, na masonara wetu wanunue kwao kwa mizani ya haki, kama dini ituamrishavyo.