Mfugaji Akikuhoji Sana, Usikasirike

Wacha niseme ukweli mapema: nilitaka paka wa Persian kwa sababu ya video. Niliacha chuo mwaka wa pili, kodi yangu inatoka kwa kamera ya simu, na niliona vile watu wanapenda paka mwenye manyoya marefu na uso kama ametukanwa. Nikajiambia, hapo kuna pesa.

Muuzaji wa kwanza nilimpata mtandaoni. Kapaka keupe, macho ya buluu, umri wiki sita. Nikauliza kama naweza kuja kumwona mama yake. Akakataa. Tukutane tu kwa petroli stesheni, lakini kwanza nitume nusu ya pesa kwa M-Pesa, juu kuna mtu mwingine anakataka leo. Manze, nilikuwa nimeshaweka namba yake! Kilichoniokoa si akili, ni salio. Pesa hazikutosha na Fuliza nilikuwa nimemaliza.

Baadaye nikajua wiki sita ni mapema sana. Kapaka kanafaa kukaa na mama na ndugu zake mpaka karibu wiki 12. Hapo ndipo kanajifunza kucheza bila kuuma, na kanaanza chanjo.

Mfugaji wa pili alinihoji kama mzazi wa demu. Naishi na nani? Landilodi anakubali wanyama? Nikisafiri, nani atamchana? Nilikasirika. Mwenye pesa ni mimi, sasa mbona naulizwa maswali mimi?

Lakini yeye alinifungulia mlango. Nilimwona mama amelala sebuleni, manyoya safi, anapumua bila kukoroma. Nikaonyeshwa rekodi za chanjo, na majibu ya kipimo cha jeni ya PKD cha wazazi wote wawili. Huo ni ugonjwa wa kurithi unaojaza figo vifuko vya maji, na Persian wanajulikana nao. Mzazi mmoja akiwa na hiyo jeni, kila mtoto ana nafasi ya 50% ya kuirithi. Kwa picha huwezi kuona hiyo kitu.

Najua kuna watakaosema kununua paka ni upuzi wakati KSPCA kuna paka wanatafuta nyumba. Wako sawa. Kama unataka tu mwenzako wa nyumbani, anzia huko. Lakini kama umeshaamua ni Persian, usimlipe mtu anayemficha mama. Pesa unayotuma kwa haraka ndiyo inamwambia amzalishe yule mama tena hata kabla hajapata nguvu.

Na sisi watu wa video tuna lawama yetu. Uso uliobonyea kabisa ndio unapendwa, na ndio unaompa paka shida ya kupumua na macho ya kutoa machozi kila siku. Tukiushangilia, wafugaji watatuzalishia zaidi.

Nilingoja wiki tano. Sikuchukua kale karembo zaidi, nilichukua ka kijivu kalikokuja kunusa kiatu changu. Pua yake iko juu kidogo, kanapumua poa. Sasa kila asubuhi nakachana kabla sijashika kamera, juu manyoya yakifunga mafundo yanavuta ngozi na inauma. Kuna siku video haitoki. Kuchana lazima.