Kinasa Sauti Kipya Chini ya Bati la Zamani

Rumonge, mji ulio mwendo wa kilometa zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura kwa barabara ya kandokando ya Ziwa Tanganyika, haujapata kuwa na njaa ya muziki. Kuna dufu na kasida katika nyumba za Waislamu, kuna ngoma za harusi, na katika vilima vilivyo juu ya mashamba ya michikichi wangalipo wazee wanaojua kupiga inanga. Kinachopungua ni namna ya kuziweka sauti hizo zisikike kesho kama zinavyosikika leo.

Familia za askari zinalijua jambo hili kuliko wengi. Tangu Desemba 2007, vikosi vya Burundi vilipoanza kuwasili Somalia, na kwa miaka mingi iliyofuata, nyimbo za nyumbani zilisafiri zikiwa ndani ya simu: mama akiimba jikoni, watoto wakiitikia, babu akikwangua nyuzi zake. Mara nyingi aliyepokea kule mbali alisikia upepo, mwangwi na mlio wa pikipiki, na wimbo ukaja nyuma ya vyote hivyo.

Chukulia basi kaya moja ya namna hiyo, iliyojinyima hata ikaweka akiba ya kununulia vyombo vipya. Babu wa nyumba hiyo ndiye mpiga inanga, naye pumzi zinampungukia mwaka hadi mwaka. Fedha zipo za kununua mara moja tu. Swali la kaya hiyo ni zito: kununuliwe nini, na kwa utaratibu gani?

Jibu la kwanza laweza kuwaudhi wenye maduka. Kabla ya kununua chochote, kichunguzwe chumba. Nyumba ya kuta za saruji, sakafu ya saruji na paa la bati lisilo na dari hurudisha sauti kama ukuta urudishavyo mpira. Mtu apige kofi moja katikati ya chumba na kusikiliza: akisikia mlio mkali unaotetemeka baada ya kofi, hapo si mahali pa kurekodia. Ahamie chumba cha kulala, penye godoro, chandarua na nguo zilizotundikwa. Magodoro mawili yaliyosimamishwa nyuma ya mwimbaji hufanya kazi ambayo hakuna kifaa cha dukani kitakachoifanya baadaye, kwa sababu mwangwi ukishaingia ndani ya wimbo haufutiki vizuri.

Saa nayo ina neno lake. Mchana upepo wa ziwa huvuma kuja nchi kavu, na katika miezi ya kiangazi pepo za kusini huwa na nguvu zaidi. Alfajiri ziwa hutulia. Wavuvi wa usiku wanaporudi na ndagala zao, kuna muda mfupi wa ukimya kabla soko halijaamka, nao ndio wa kuutumia. Mvua ikianza kugonga bati, kazi ifungwe. Hakuna maikrofoni iliyowahi kuishinda mvua ya bati.

Jambo la pili ni umbali. Maikrofoni ikisogezwa kutoka mita moja hadi nusu mita mbele ya mwimbaji, sauti yake huifikia kwa nguvu iliyozidi kwa desibeli sita hivi; ikisogezwa hadi robo ya mita, huzidi kwa desibeli kumi na mbili. Mwangwi wa chumba, kwa upande wake, hubaki karibu vilevile. Hii ndiyo sababu simu iliyoachwa juu ya meza upande wa pili wa chumba hutoa wimbo kama uliotoka kisimani, na simu ileile iliyowekwa karibu na mwimbaji hutoa wimbo unaosikilizika. Isiwe karibu mno, lakini, maana pumzi ya herufi kama "p" na "b" hupiga kishindo. Upana wa kiganja kilichokunjuliwa hutosha, na kitambaa chepesi kikitandazwa katikati huzuia pumzi.

Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki na kufika pande hizi za Ruanda-Urundi mwaka 1952, alikuwa na desturi ya kuishika maikrofoni mkononi na kuisogeza kufuata sauti. Rekodi za Burundi zilizofanywa mwaka 1967 na kutolewa Ufaransa na Ocora mwaka 1968 zilinaswa kwa utepe wa sumaku. Ndani yake mna ngoma za ingoma, wasichana wawili wakiamkiana kwa akazehe, na inanga iliyosindikizwa na mnong'ono. Ngoma zile zilipendwa mno Ulaya na Marekani. Joni Mitchell alizitumia katika wimbo wake wa mwaka 1975, "The Jungle Line". Simu ya leo inabeba uwezo ambao mafundi wale hawakuuota, ila wao walijua mahali pa kusimama.

Hata hivyo simu ina kasoro yake, nayo yafaa ieleweke kabla ya kutoa fedha. Ndani yake mna mtambo unaojiamulia kiasi cha sauti: mwimbaji akinyamaza, simu huongeza nguvu hata ikasikika mbu, ngoma ikipigwa, hupunguza ghafla, na wimbo huonekana kupanda na kushuka kama mtumbwi. Programu kadhaa za kurekodia huruhusu mtambo huo uzimwe. Programu hizo zijaribiwe kwanza, kwani nyingine hazina gharama.

Sasa ndipo yaja maduka. Maikrofoni ziko za aina mbili kubwa. Ile ya dainamiki ni ngumu, haihitaji umeme wa kuiamsha, na husikia zaidi kilicho karibu yake. Ile ya kondensa husikia kila kitu, tena kwa ufafanuzi wa ajabu, na nyingi za aina hiyo huhitaji umeme wa volti 48 kutoka katika kisanduku kinachoiunganisha na kompyuta. Watu wengi hudhani kondensa ni bora kwa kuwa ni ghali. Katika nyumba za kambini zilizopakana ukuta kwa ukuta, ubora huo hugeuka adhabu: hunasa jogoo wa jirani, redio ya jirani na mtoto wa jirani. Kwa mwimbaji wa kasida, kwa kwaya ndogo, kwa kijana anayeimba na gitaa, dainamiki inatosha kabisa.

Shure SM58, iliyotolewa mwaka 1966, ndiyo inayojulikana zaidi, na kwa sababu hiyohiyo ndiyo inayoigwa zaidi. Ile halisi ina uzito wa gramu 298 hivi. Mnunuzi aende na mizani ya jikoni bila haya. Nyingi za bandia huwa nyepesi.

Lakini babu wa inanga anaharibu hesabu hii yote. Katika mtindo ule wa Burundi mpigaji hunong'ona tu, na mnong'ono huchukuliwa na nyuzi kana kwamba chombo ndicho kinachosema. Sauti hiyo ni ndogo sana. Dainamiki ikielekezwa kwake italazimishwa kuongezwa nguvu hata ule mchakarisho wa vyombo vyenyewe ukasikika sawa na mnong'ono. Hapa kondensa inastahili bei yake, mradi pawe kimya.

Kwa hiyo kaya ile, yenye fedha za mara moja na umeme usioaminika, ingefanya vyema kununua kinasa sauti kidogo cha betri, kama vile vya Zoom au Tascam, chenye maikrofoni mbili za kondensa kichwani. Hakihitaji kompyuta. Kwa kuwa kinatumia betri, hakiingiwi na mvumo wa umeme wa nyumba, ule mlio mzito wa hezi 50 usumbuao rekodi nyingi. Tena kinaweza kubebwa mpaka kilimani kwa mzee, badala ya mzee kuteremshwa hadi mjini na kuketishwa mahali pageni. Fedha ikibaki, zinunuliwe hedifoni za kufunika masikio yote: asiyesikiliza wakati wa kurekodi hugundua kasoro mzee akiwa amekwisha kwenda zake.

Kinasa kiwekwe bila kuminya sauti, katika biti 24, na kipimo kisivuke desibeli 12 chini ya kilele pale wimbo unapokuwa na nguvu zaidi. Sauti iliyopasuka kwa kuzidi haitengenezeki. Iliyo ndogo kidogo huongezwa baadaye kwa programu ya bure kama Audacity. Kwa mzee wa inanga kinasa kikae umbali wa nusu mita, juu ya kitabu au kitambaa kilichokunjwa ili kisichukue mtikisiko wa meza. Kwa ngoma kirudi nyuma mita tatu, nne au zaidi.

Mwanzoni mwa kila rekodi atajwe mwimbaji, jina la wimbo, mahali na tarehe. Watoto wengi wamerithi kaseti zenye sauti wasizozijua.

Wimbo ukitumwa kwa aliye mbali, usitumwe kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, maana hapo huminywa na kupoteza uhai wake. Utumwe kama faili la kawaida, hata ukichelewa kufika. Na nakala ziwe mbili, katika nyumba mbili. Maji ya Tanganyika yalipopanda hadi mwaka 2024, yaliingia katika makazi ya Gatumba na Rumonge, na familia zikahama na walichoweza kubeba. Nakala moja ikae juu kilimani, katika kopo lililofungwa vizuri pamoja na kifuko cha dawa ya kufyonza unyevu, kwa mzee mwenyewe.